MREJESHO: Akidi ya mkutano mkuu, chama cha walimu wa elimu ya michezo na afya

Wakuu, niliuliza hapa tufanyeje kuhusu akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji ili mkutano uwe halali): wanachama 64, katiba ya chama ilitaka theluthi mbili (yaani 43), na mikutano miwili ilikuwa imevunjika kwa kukosa idadi hiyo.

Dawa ilikuwa kwenye katiba yenyewe: mkutano ulioahirishwa ukiitwa tena kwa notisi ya siku 14, waliohudhuria ndiyo akidi. Walikuja 29, wakarekebisha katiba. Sasa akidi ni nusu ya wanachama hai, yaani waliolipa ada hadi siku 30 kabla ya mkutano. Rejista ya ada ifungwe siku hiyo ya 30 kabla ya mkutano, la sivyo watu watalipia mlangoni na hesabu itagoma. Marekebisho na muhtasari uliosainiwa vimeshapelekwa kwa Msajili wa Jumuiya.

Ushauri wenu wa kuunganisha mkutano na mafunzo ndio uliojaza ukumbi. Asubuhi huduma ya kwanza, mchana ajenda, maana ukigeuza wanaondoka. Tulifanya CPR (kukandamiza kifua na kupulizia pumzi mtu ambaye moyo umesimama). Kwa mtu mzima: mikandamizo 30, pumzi 2, kina sentimita 5 hadi 6, kasi 100 hadi 120 kwa dakika. Wengi walikosea kwa kutoachia kifua kirudi juu kila baada ya mkandamizo. Sanamu mbili za kufanyia mazoezi hazikutosha; moja kwa watu sita ingefaa.

Kilichobaki: mweka hazina bado anatia saini hundi peke yake.