Mjadala: Shahidi aliyenyamaza kwa kuhofia kunyang'anywa mwanawe, ashtakiwe?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja kupitia filamu ya zamani ya Argentina, El vampiro negro ya mwaka 1953, iliyoongozwa na Román Viñoly Barreto. Namwaga ubuyu wote, asiyetaka aishie hapa.

Kuna mtu anaua watoto wa kike mjini. Rita, mwimbaji wa klabu ya usiku (Olga Zubarry), anamwona kupitia dirishani akitupa maiti kwenye mtaro wa maji taka. Akihojiwa, anakana. Ana binti anayemlea peke yake, na anajua kwamba jina lake likivuma, hakuna atakayesema mwimbaji wa klabu anafaa kuachiwa mtoto.

Kisa kimechotwa kwenye M, filamu ya Fritz Lang, ya Ujerumani, 1931. Kule wahalifu ndio wanaomsaka muuaji na kumfungulia kesi yao wenyewe. Waargentina wamemweka mama katikati, na hapo ndipo filamu yao inapouma.

Nasema Rita asiguswe. Mtazameni mwendesha mashtaka, Dakta Bernard: hadharani ni mzee wa maadili, nyumbani ana mke mlemavu, na akibaki peke yake na shahidi anaanza kumtongoza. Siri hiyo angempelekea nani, huyo?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umemtetea aliye hai ukamsahau marehemu. Muda wote aliokaa kimya, muuaji alikuwa anazunguka mtaani. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa akijua haki za mtoto zinavunjwa. Haijaandikwa "isipokuwa ukiogopa". Nani haogopi?

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni mama, na ningesema. Ila kaka zangu mnabishana kana kwamba Rita hajaadhibiwa. Muuaji si anamfikia binti wa Rita mwenyewe? Waandishi wamemchapa pale pale panapomuuma. Wakati huohuo Ulber, yule muuaji, mwalimu wa lugha anayedharauliwa na wanawake, Nathán Pinzón anamwigiza hadi unaanza kumwonea huruma. Yaani muuaji tumwelewe, mama alipe!

Mleta mada:
Dada, hapo kwenye malipo umenipata, sina cha kujibu. Kwenye huruma tutagombana. Hata kwenye M, Peter Lorre, anayemwigiza muuaji, analia mbele ya wezi kwamba hawezi kujizuia. Kilio kile kisingekuwepo, tungekaa tunawashangilia wezi wamnyonge. Huruma ile haimtoi hatiani, inatuzuia sisi tusigeuke genge.

Mkuu wa kwanza, sheria uliyoitaja naikubali. Lakini taarifa ikishafika ofisini, jina la mtoa taarifa linalindwaje? Akifukuzwa kazi kesho yake? Ndugu wa mume wakija kumchukua mtoto? Mpeni kwanza uhakika huo, na akinyamaza tena hapo nami nitasimama upande wako.

Mchangiaji wa kwanza:
Na mpaka huo uhakika upatikane, watoto wafe wangapi?

Mchangiaji wa pili:
Swali zuri, ila mpelekee Bernard. Yeye ndiye aliyekuwa na mshahara wa kuzuia hayo.