Acheni kuniomba manyoya ya tandawala! Mimi nafunga flai, sina duka la nyara

Wakuu, nimevumilia mwaka mzima. Leo nasema.

Kwa asiyejua, tandawala ni ndege mkubwa ambaye manyoya yake hutumika kwenye flai za kale, na flai ni chambo kinachofungwa kwenye ndoana kwa manyoya, hariri na uzi wa fedha. Hapa Kenya wako wengi waliosomesha watoto kwa kufunga flai za kuuzwa Ulaya, na mimi nilijifunzia kwenye meza hizo, tukilipwa kwa dazeni. Za kazi nikishazimaliza, usiku nafunga zangu: flai za kale za samoni, zile za Uskoti za karne ya 19. Hizo siziuzi. Nazipenda tu, na mke wangu anajua jiriwa ya kubania ndoana ikishawashiwa taa mezani hapo haniiti mtu.

Mwezi uliopita nilimaliza Jock Scott, mojawapo ya flai hizo za kale. Mwenye kuijua anajua maana yake. Mwili nusu hariri ya njano, nusu nyeusi, na katikati pete ya manyoya ya mbuni. Kooni unyoya wa kanga. Halafu mabawa, na hapo ndipo watu hulia: unachukua nyuzi chache za unyoya wa bata mzinga, chache za tausi, chache zilizotiwa rangi nyekundu, njano na buluu, unazioanisha moja moja mpaka zishikane kama unyoya mmoja uliozaliwa hivyo. Nyuzi za upande wa kushoto hazikubali kukaa na za kulia. Ukikosea mkazo wa uzi mara moja tu, bawa zima linajikunja, unaanza upya. Nilianza upya mara nne.

Nikaweka picha kwenye kundi la wafungaji wa nje. Swali la kwanza halikuwa kuhusu bawa. "Shavu hilo la buluu ni kotinga halisi?" Shavu ni unyoya mdogo wa pembeni mwa kichwa cha flai, na kotinga ni ndege wa buluu wa Amerika. Nikajibu kwa moyo mweupe: ni unyoya wa kuku, rangi nimetia mwenyewe jikoni. Mmoja akaandika, "Basi hiyo si Jock Scott." Wiki mbili za macho yangu, akazifuta kwa sentensi moja!

Hilo ningelimeza. Ila usiku uleule yuleyule akanifuata pembeni: "Uko Kenya, tandawala wamejaa huko kwenu. Nitumie bawa moja, nitakulipa vizuri." Huyo ni wa sita mwaka huu. WA SITA.

Hivi mnatuonaje? Tandawala mkubwa ni ndege ambaye dume lake linaweza kupita kilo 15 na bado likaruka. Jike hutaga mayai mawili hivi, chini kabisa, ardhini. Nimemwona Amboseli akitembea polepole nyasini, nikasimama mpaka akapotea. Kukutwa na bawa lake bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na atakayekamatwa ni mimi, si wewe uliyekaa kwenu na fremu yako ukutani.

Na msiniambie eti ni unyoya mmoja tu. Mwaka 2009 mfungaji wa flai hizihizi, kijana mwanafunzi wa muziki, aliingia usiku kwenye jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, akabeba ngozi 299 za ndege. Nyingine zilikusanywa na Alfred Russel Wallace mwenyewe, yule mwanasayansi wa karne ya 19. Akang'oa manyoya, akauza kwa wapenzi wa ufundi wetu. Ngozi nyingi hazikurudi zikiwa nzima, na zilizopoteza vibandiko vyake hazimwambii tena mwanasayansi ndege alipatikana wapi wala lini. Nani aliyekuwa akinunua? Watu wa maswali kama hili la "ni halisi?"

Samoni wenyewe wakishaingia mtoni kutaga hawali. Hakuna anayejua kwa hakika kwa nini wanaidaka flai, lakini sijasikia samaki aliyekagua shavu akakuta kuku akageuka. Anayekagua ni mwanadamu mwenye kabati.

Ufundi uko kwenye vidole. Bata mzinga aliyetiwa rangi vizuri anaoana na tausi sawasawa, kwa sababu kinachoshikanisha ni vikulabu vidogo vya nyuzi, na vikulabu hivyo havijui bei. Hata kuku wa sokoni Gikomba anatosha kwa mwenye mkono. Nimefundisha vijana wawili hapa mtaani kwa manyoya ya kuku na kanga wa kufugwa, na mmoja wao sasa anaoanisha nyuzi vizuri kuliko mimi.

Picha ya Jock Scott yangu naiweka hapo chini, bawa la kushoto na la kulia. Atakayeona kosa kwenye mkazo wa uzi, au kichwa kimekuwa kikubwa mno, aniambie waziwazi, nitamshukuru. Atakayeniandikia tena pembeni kuulizia tandawala, ujumbe wake nitaubandika hapahapa, na nakala naipeleka kwa askari wa wanyamapori.