Shavu la mguu limevimba nikiwa njiani kwenda kumwona baba: niendelee na safari au nisiendelee?

Msafiri_Nusu_Njia:
Wakuu, habari za usiku. Niko njiani kwenda kumwona baba, ambaye hali yake si nzuri, na leo nimekaa ndani ya basi kwa saa 11, muda mwingi nikiwa nimekunja miguu kwa sababu kiti cha mbele yangu kilikuwa kimelazwa. Niliposhuka niligundua kuwa shavu la mguu wa kulia limevimba, lina joto na linauma nikikanyaga, na alama ya soksi imezama kana kwamba nilifungwa kamba. Basi la kuunganisha linaondoka alfajiri na tiketi nimeshakata. Je, nitumie dawa ya kuchua, au ninywe ya maumivu nilale?

Mzee_wa_Busara:
Pole, kijana wangu. Mimi niliwahi kuvimba miguu yote miwili safarini, nikainyanyua juu ya begi usiku kucha, na asubuhi viatu vikaingia bila taabu. Vijana wa leo hamnyanyuki vitini hata basi likisimama.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku:
Mzee, shikamoo. Miguu yote miwili kuvimba baada ya kukaa sana ni jambo la kawaida, lakini mguu mmoja, wenye joto na maumivu, ni habari nyingine. Kaka, usiuchue kabisa. Zungusha uzi kwenye mashavu yote mawili, mahali palepale, ulinganishe. Kisha unijibu: umelazwa au umefanyiwa upasuaji wowote miezi ya karibuni?

Fundi_Viti:
Mwenye makosa hapa ni aliyelaza kiti. Ningekuwa mimi, ningemchua yeye.

Msafiri_Nusu_Njia:
Nimetumia kamba ya kiatu. Mguu wa kulia kamba haikutosha, imepelea kwa upana wa vidole viwili. Kuhusu swali la pili, sioni kama linahusika, kwa kuwa tatizo langu ni mguu.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku:
Vidole viwili ni kama sentimita 3, na hiyo si tofauti ya kupuuzwa. Swali la pili ndilo ninalolisubiri.

Msafiri_Nusu_Njia:
Wiki tatu zilizopita nilipasuliwa tumbo, wakaondoa uvimbe kwenye utumbo mpana. Majibu ya maabara hayajatoka. Nilipewa sindano za kujichoma chini ya ngozi ya tumbo kwa siku 28, nikaacha siku ya 12 kwa sababu zilikuwa zinaniachia madoa ya zambarau, na pia sikutaka dada azikute kwenye begi. Nyumbani hakuna anayejua. Baba anaumwa, siwezi kufika na ugonjwa wangu mkononi. Naomba msinihukumu, kwa sababu kidonda kimefunga vizuri na saa zilizobaki ni sita tu.

Mama_Ushauri:
Mwanangu, sikuhukumu, ila mficha maradhi kifo humuumbua. Baba akisikia kwa jirani ataumia zaidi kuliko akisikia kwako.

Shuhuda_Mgumu:
Samahani, lakini nahisi tunanyweshwa chai. Mwanzoni ulikuwa mguu, ukaulizwa ukawa upasuaji, sasa kuna sindano zilizoachwa. Mtu aliyepasuliwa tumbo wiki tatu zilizopita hakai ndani ya basi kwa saa 11, na mwenye maumivu haandiki kwa nukta na mikato namna hii. Halafu tumbo na shavu la mguu vinahusiana wapi? Subirini, aya ijayo ataomba mchango wa nauli.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku:
Vinahusiana sana. Upasuaji mkubwa huifanya damu igande kwa urahisi kwa wiki kadhaa, popote ulipopasuliwa, na mahali inapopenda kuganda ni mishipa ya ndani ya miguu, hasa mtu akikaa bila kujinyoosha zaidi ya saa 4. Sindano zile zilikuwa za kuzuia hilo. Donge la damu likichomoka husafiri hadi mapafuni. Kama hadithi ni ya kutunga, nimepoteza dakika tano. Kama ni ya kweli, anapaswa kuwa hospitali usiku huu, afanyiwe altrasaundi ya mishipa ya mguu. Kaka, pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, ukikohoa damu au ukihisi kuzimia, usitembee. Ita gari la wagonjwa.

Msafiri_Nusu_Njia:
Sitaki mchango wa mtu. Ninaandika polepole kwa sababu usingizi hauji. Je, siwezi kufika kwanza, nimsalimie baba, kisha nikapimwe hukohuko?

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku:
Hapana. Wakithibitisha ni donge, utaanzishiwa dawa leoleo, na daktari ndiye atakayesema lini unaweza kusafiri. Watajie upasuaji na sindano ulizoacha kabla hujaonyesha mguu.

Fundi_Viti:
Mkuu, utani wangu naufuta. Mwombe mhudumu wa hapo akuitie teksi.

Msafiri_Nusu_Njia:
Niko mapokezi ya idara ya dharura, nimekalia kiti cha magurudumu ambacho sikukiomba. Dada amepiga mara mbili kuuliza kama nimekata tiketi ya asubuhi, na sijapokea.

Mama_Ushauri:
Akipiga ya tatu, pokea.

Shuhuda_Mgumu:
Altrasaundi imesemaje?