Naomba ushauri: mba sugu na nywele za pembeni kupungua

Habari zenu ndugu zangu. Nina nywele za asili, sijawahi kuweka dawa, ila ngozi ya kichwa inaniwasha mno, hasa nikiwa nimesuka. Nikifumua, kwenye njia za rasta natoa magamba ya njano yenye mafuta, yanaganda kwenye kitana. Na hapa juu ya masikio nywele zimepungua mpaka ngozi inaonekana.

Mfamasia aliniambia mba za aina hii zinahusiana na fangasi wanaoishi kwenye ngozi na kula mafuta yake, hivyo kujipaka mafuta mazito kichwani kila siku hakusaidii. Akanipa shampuu ya ketokonazo ya asilimia 2: napaka kwenye ngozi, naacha dakika 5, nasuuza, mara 2 kwa wiki. Kuwashwa kumepungua kweli, lakini nywele sasa ni kavu kama makuti, zinakatika nikichana.

Wenye nywele za kipilipili mnaotumia dawa hii, mnapaka nini kwenye nywele zenyewe bila kugusa ngozi? Na mba zikitulia, mnaendelea kuoshea mara ngapi?

Hizo za pembeni ndizo zinazoninyima raha. Rasta za kubana nimeacha. Msusi ananiambia zitaota tu, ila najua nywele zikivutwa muda mrefu mizizi inaweza kufa kabisa. Kuna ambaye zake zilirudi? Ilichukua muda gani? Au niende kwa daktari wa ngozi sasa hivi?

Vitunguu na limau naomba tuviache, nina michubuko nilipojikuna.