Kwa nini utafiti kuhusu wanajeshi wa majaribio ya nyuklia hautoi jibu moja?

Swali
Ndugu zangu, ninasoma afya ya jamii na nimekwama katika suala la wanajeshi wa Uingereza waliokuwapo mabomu ya nyuklia yalipojaribiwa Australia na Kisiwa cha Christmas katika Bahari ya Pasifiki, kati ya 1952 na 1958. Utafiti uliowafuatilia zaidi ya 21,000 kati yao ulieleza kwamba kwa jumla vifo vyao havikuzidi vya wenzao, ilhali wengi wanasimulia maradhi mazito. Je, takwimu na masimulizi hayo vinaweza kuwa vya kweli kwa pamoja?

Jibu la 1
Vinaweza. Mwanajeshi huajiriwa akiwa na afya njema, kwa hiyo ukimlinganisha na raia wa kawaida ataonekana salama hata kama mionzi imemdhuru. Watafiti walilizingatia hilo, wakachagua kundi la kulinganishia miongoni mwa wanajeshi wengine. Tatizo linalonisumbua zaidi ni kipimo: wengi hawakuvalishwa beji ya kupimia mionzi, na beji yenyewe haionyeshi vumbi lililovutwa au kumezwa. Mpishi wa kambini akihesabiwa pamoja na rubani aliyepenya wingu la bomu kukusanya sampuli, madhara ya wachache humezwa na wingi wa waliobaki mbali.

Jibu la 2
Naongeza mfano wa Marekani. Baada ya mlipuko ulioitwa Smoky, Nevada, 1957, wanajeshi 3,224 walifuatiliwa, na ripoti ya 1980 ikataja wagonjwa 9 wa saratani ya damu badala ya 3.5 waliotarajiwa. Idadi hiyo ni ndogo, na huenda ni bahati tu. Lakini saratani ya damu ndiyo hutangulia kujitokeza baada ya mtu kupigwa na mionzi, kwa hiyo mimi siipuuzi.

Jibu la 3
Pale ambapo kumbukumbu za vipimo hazipo, chunguza damu. Nchini New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey waliwapima takriban mabaharia 50 waliokuwa kwenye majaribio hayo ya Uingereza, wakakuta vipande vya kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli, ambazo mionzi huweza kuzikata) vilivyohama mahali pake karibu mara tatu ya kundi la kulinganishia. Umri na sigara pia huchangia, na matokeo hayo hayathibitishi kwamba mtu fulani aliugua kwa sababu ya bomu. Hata hivyo, kumdai mzee athibitishe kipimo ambacho jeshi halikukichukua si haki. Fiji haikusubiri uthibitisho huo: mwaka 2015 serikali yake ilianza kuwalipa fidia askari wake waliopelekwa Kisiwa cha Christmas.