Naomba ushauri: nizuieje maji yasiingie kwenye njia ya hewa ya injini?

Wakuu, salaam. Masika ndiyo hiyo inabisha hodi, nami hapa Dar lazima nikatishe bonde la Jangwani kwenda Kariakoo. Gari yangu ni saluni ndogo ya petroli. Nimefungua boneti nikaufuatilia mpira wa hewa kuanzia kwenye eya klina (kichujio cha hewa): mdomo wake umejificha nyuma ya taa ya mbele, juu kidogo tu ya bampa. Mto Msimbazi ukimwaga maji barabarani halafu lori likapishana nami, lile wimbi linafika pale bila shida.

Hatari yake naijua. Maji hayagandamiziki kama hewa. Pistoni ikipanda ikayakuta ndani ya silinda, konrodi (mkono unaoishika pistoni) inapinda, na hapo unatafuta injini nyingine.

Fundi mmoja kanishauri nizibe mdomo kwa nailoni mvua ikinyesha. Sasa injini itavuta hewa wapi? Mwingine anataka kuunganisha bomba la plastiki, aupandishe mdomo hadi karibu na kioo cha mbele, utazame nyuma. Huyu angalau ananiingia akilini, ila naogopa utavuta hewa ya moto, au bomba lilainike kwa joto na kubonyea.

Aliyewahi kufanya hivyo alitumia bomba la aina gani? Gari ilipoteza nguvu? Bomba la nje kama la Land Cruiser za porini, kwenye saluni naona kituko. Na msiniambie nipite Kigogo, mto ni uleule.