Naomba ushauri: "punguzo la mwisho" lisilofika mwisho

Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Duka moja la mtandaoni la Dar linatuma barua pepe: "Punguzo 50%, mwisho leo saa sita usiku." Kesho bei ni ile ile, tarehe tu imesogezwa. Paneli ya sola ya wati 100 imeandikwa 240,000 na kukatwa mstari, chini yake 120,000. Barua saba za wiki tatu zote zina 120,000, sasa hiyo 240,000 iliuzwa lini?

Ninavyoelewa, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kiungo cha duka cha kujitoa kwenye barua hizo nacho hakifunguki.

Barua zenyewe hazijafutwa. Picha ya skrini peke yake ni ushahidi dhaifu: haibebi taarifa za mtumaji na njia barua iliyopitia, na yeyote anaweza kuichezea. Paneli nilishainunua; risiti ya EFD (mashine ya kodi) na meseji ya muamala zipo.

Waliowahi kufuatilia: FCC inamrudishia mlaji pesa yake, au inaishia kumpiga faini muuzaji? Na kwa dai dogo hivi, mahakama ya mwanzo hapa Ujiji italipokea wakati duka liko Dar?